Kubadili krauni na pinioni ya difu ya nyuma: kipi ufanye nyumbani, kipi umwachie fundi

Ukilala chini ya gari ukaitazama difu ya nyuma, kazi ya kubadili giya zake huonekana ya kawaida. Kuna boliti za kufungua, krauni moja, yaani giya kubwa ya duara, pinioni moja, yaani giya ndogo inayoizungusha, na beringi nne. Mtu aliyezoea spana anaweza kuvitoa vyote kabla ya jua la saa sita. Ugumu huanza wakati wa kurudisha. Krauni na pinioni hazifungwi tu, hupangwa, na mpangilio wake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita.

Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii peke yangu nilirudisha shimu zilezile za zamani, yaani vibati vyembamba vya kupangia nafasi, kwenye giya mpya bila kupima chochote. Gari likaanza kuvuma kuanzia kilomita 70 kwa saa. Nilipoifungua tena difu miezi michache baadaye, meno ya pinioni yalikuwa yameliwa karibu na kilele, giya mpya kabisa zimeharibika. Tangu siku hiyo ninaigawa kazi hii mara mbili: kuna kufungua na kufunga, kuna kupima na kupanga. Sehemu ya kwanza inataka nguvu, usafi na muda, na mtu yeyote makini anaiweza nyumbani. Sehemu ya pili inataka vifaa na mkono uliozoea. Mwongozo huu umejengwa juu ya mgawanyo huo, ili ujue pa kujitegemea na pa kutafuta msaada.

Kabla ya kununua giya, hakikisha tatizo ni giya

Mlio wa nyuma una vyanzo vingi. Beringi ya gurudumu huvuma mfululizo na hubadilika unapokata kona, kwa kuwa uzito wa gari unahamia upande mmoja. Krosi iliyokufa, yaani kiungo cha propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, hugonga "ta" unapoingiza giya au unapoondoa mguu kwenye mafuta. Tairi zilizolika vibaya huvuma pia, na wengi wamefungua difu nzima bure kwa sababu ya tairi.

Mlio wa krauni na pinioni hufuata mguu wako. Unavuma unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoachia, au kinyume chake, na mara nyingi hutokea kwenye mwendo fulani tu. Mwaga oili ya difu na uiangalie. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si uchakavu, ni jino au beringi iliyovunjika.

Sababu ya pili ya kubadili ni reshio. Reshio ni idadi ya meno ya krauni ikigawanywa kwa meno ya pinioni: krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 11 hutoa 3.73, na krauni ya 43 kwa pinioni ya 10 hutoa 4.30. Chukua gari lenye tairi za kipenyo cha inchi 28 na reshio ya 3.73. Kwa kilomita 100 kwa saa, giya ya juu ikiwa moja kwa moja, injini inazunguka kama mara 2,780 kwa dakika. Weka tairi za inchi 32, mizunguko inashuka hadi karibu 2,435, na hapo ndipo dereva anaanza kulalamika kwamba gari limekuwa zito mlimani. Kupata reshio itakayorudisha hali ya mwanzo, zidisha reshio ya zamani kwa kipenyo cha tairi mpya, kisha gawanya kwa kipenyo cha ile ya zamani: 3.73 × 32 ÷ 28 ni 4.26. Reshio ya karibu ni 4.30, nayo inairudisha injini kwenye mizunguko kama 2,800.

Gari lenye difu mbele na nyuma lazima zote mbili ziwe na reshio moja. Ukibadili ya nyuma peke yake kisha ukaunganisha magurudumu manne kwenye barabara kavu, giya za kugawia nguvu zitajikaza zenyewe hadi kitu kivunjike. Uliza pia kama kasha la difu yako, lile ambalo krauni hufungwa juu yake, linakubali reshio unayoitaka. Difu nyingi zina kikomo, na ukikivuka utahitaji kasha jingine. Spidi mita nayo itahitaji kurekebishwa.

Aina ya difu ndiyo inayoamua

Hapa ndipo swali la nyumbani au kwa fundi linapojibiwa kwa kiasi kikubwa.

Aina ya kwanza ina kichwa kinachotoka kizima. Unafungua nati kuzunguka uso wa difu, unavuta hafushafti, yaani shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, na kichwa chote chenye krauni, pinioni na beringi kinatoka mbele ya haozingi, yaani gamba la nje la difu. Toyota Hilux na Suzuki Samurai zimejengwa hivyo, na Ford 9-inch imepata umaarufu kwa mtindo huohuo. Ukiwa na difu ya aina hii, njia ya kati ipo wazi, na ndiyo ninayomshauri kila anayefanya kwa mara ya kwanza: toa kichwa mwenyewe, kipeleke kwa fundi wa difu pamoja na giya na beringi mpya, akipange juu ya meza yake, wewe ukirudishe. Unalipia ujuzi tu, hulipii jasho la kufungua magurudumu. Na gari halilali kwenye yadi ya mtu.

Aina ya pili ina kifuniko nyuma, na kila kitu hupangwa ndani ya haozingi yenyewe. Wengi huiita Salisbury, na Dana 44 na Dana 60 ni za kundi hili. Hakuna kichwa cha kubeba. Ama upange ukiwa umelala chali chini ya gari, ama utoe ekseli nzima, ama umpelekee fundi gari zima. Kama hii ndiyo difu yako na hujawahi kushika geji ya kupimia pleyi, yaani nafasi ndogo kati ya meno ya krauni na ya pinioni, mpe fundi. Nasema hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu pinioni utaitoa na kuirudisha mara tatu au nne kabla ya kupata kipimo, na kila mara ukiwa mgongoni mwako, oili ikikudondokea usoni.

Vifaa

Vya kufungulia unavyo pengine: jeki, stendi imara, soketi, nyundo, trei ya kumwagia oili. Vya kupangia ndivyo vinavyotenganisha kazi ya kweli na kubahatisha. Unahitaji dayali geji, yaani kipimo chenye uso kama wa saa, pamoja na mguu wake wa sumaku. Unahitaji maikromita ya kupimia unene wa shimu, spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza, presi na pula ya beringi, na rangi ya kupimia mguso wa meno. Usinunue vyote kwa ajili ya gari moja. Ukikuta unaorodhesha vifaa ambavyo hutavitumia tena, hilo tayari ni jibu.

Spea ziwe kamili kabla gari halijapanda stendi: krauni na pinioni za seti moja, beringi zote nne na vikombe vyake, oili sili, nati mpya ya pinioni, kola mpya ya kubonyea, yaani bomba fupi linalobonyea nati ya pinioni ikikazwa, kama difu yako inatumia kola, boliti mpya za krauni na seti ya shimu. Krauni na pinioni husuguliwa pamoja kiwandani na hupewa namba moja. Namba zikitofautiana, rudisha dukani. Krauni ya seti hii haiwezi kuoana na pinioni ya seti ile hata kama meno yanahesabika sawa.

Kufungua

Weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, pandisha nyuma, na uweke stendi chini ya fremu. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Legeza kizibo cha kujazia oili kwanza, kabla ya kile cha kumwagia. Kizibo cha juu kikigoma kufunguka baada ya kumwaga, utabaki na gari lisilo na oili na lisilo na njia ya kuitia. Mwaga oili, toa magurudumu na ngoma au diski za breki. Chora alama kwenye flenji ya propela na ile ya difu ili zirudi zilivyokuwa, kisha ishushe propela na uifunge kwa waya pembeni isining'inie.

Hafushafti za aina nyingi hushikiliwa na boliti karibu na gurudumu. Kwenye difu nyingine hushikiliwa ndani na klipu yenye umbo la herufi C, na hapo lazima ufungue kifuniko, utoe kipini kinachopita katikati ya giya ndogo, usukume shafti ndani, ndipo klipu itoke. Kama kuna sensa ya breki, itoe mapema.

Kabla ya kugusa kitu kingine ndani, pima pleyi iliyopo na uiandike. Piga alama kwa sindano ya chuma kwenye vifuniko vya beringi za pembeni, kimoja nukta moja, kingine nukta mbili, na nukta hizohizo kwenye haozingi. Vifuniko hivi vilichongwa pamoja na haozingi na haviwezi kubadilishana upande wala kugeuzwa. Shimu za kushoto na za kulia ziwekwe mbali na zipimwe. Shimu ya pinioni, ambayo mara nyingi hukaa kati ya kichwa cha pinioni na beringi yake kubwa, ipimwe na iandikwe pia. Andika kwenye karatasi. Baada ya siku mbili hutaikumbuka.

Kichwa cha difu ni kizito, kilo 30 na zaidi kwa magari mengi. Tumia jeki au mtu wa pili. Kisha osha haozingi hadi kitambaa cheupe kikitoka kibaki cheupe, na zibua tundu la kupumulia juu ya ekseli. Tundu hilo likiziba, hewa ikipata moto husukuma oili kupitia sili mpya, na watu hulaumu sili.

Kupanga pinioni

Kuna vipimo vinne: kina cha pinioni, mkazo wa beringi za pinioni, pleyi kati ya meno, na mkazo wa beringi za pembeni. Vinategemeana, lakini kina cha pinioni ndicho baba yao. Kikikosewa, hakuna pleyi itakayokuokoa.

Anza na shimu ya unene uleule wa zamani, hasa kama unabadilisha giya za reshio ileile. Angalia kama kichwa cha pinioni ya zamani na cha mpya vimeandikwa namba ndogo ya kuongeza au kupunguza. Namba hiyo hueleza tofauti ya pinioni hiyo na kipimo cha kiwandani, na kitabu cha gari kitakuambia inahesabiwa kwa kizio gani na kwa upande gani. Kwa majaribio, mafundi wengi huchukua beringi ya zamani na kuisugua ndani hadi iingie na kutoka kwa mkono. Hapo unaweza kubadilisha shimu mara nyingi bila kuharibu beringi mpya kwenye presi. Hila hii inaokoa siku nzima.

Katika majaribio usiweke kola ya kubonyea. Kaza nati taratibu mpaka pinioni izunguke bila kulegea na bila kukwama, kisha endelea na krauni.

Krauni na pleyi

Safisha uso wa kasha la difu kwa jiwe laini, kwa sababu hata chembe moja ya chuma huifanya krauni iyumbe. Krauni huingia kwa kubana. Unaweza kuipasha moto kwenye maji yanayochemka ili itanuke kidogo, kisha uikaushe vizuri na kuikalisha. Usitumie mwako wa gesi, utaharibu ugumu wa chuma. Kaza boliti kwa zamu ya kuvukana, kwa awamu, ukitumia dawa ya kufunga nyuzi na toki ya kitabu. Difu nyingine zina boliti zenye nyuzi za kushoto, na herufi L kwenye kichwa cha boliti ndiyo dalili.

Weka kasha ndani, funga vifuniko, kisha pima pleyi kwa dayali geji: ncha ya geji iguse jino la krauni kwa nje, pinioni ishikwe isizunguke, na krauni itikiswe mbele na nyuma. Magari mengi hutaka kati ya milimita 0.15 na 0.25, lakini kipimo cha kitabu chako ndicho sheria. Pima sehemu nne kuzunguka krauni. Zikitofautiana sana, krauni inayumba, na kuna uchafu nyuma yake au kasha limepinda.

Kwenye difu yenye kichwa kinachotoka, pleyi hurekebishwa kwa nati kubwa za pembeni: legeza upande mmoja tundu moja, kaza upande wa pili tundu moja, mkazo wa beringi ubaki uleule. Kwenye Salisbury unahamisha shimu kutoka kushoto kwenda kulia au kinyume. Ukihamisha shimu ya milimita 0.10, pleyi hubadilika kama milimita 0.07.

Kusoma mguso wa meno

Namba zote zinaweza kuwa sawa na giya bado zivume. Mguso wa meno ndio ushahidi wa mwisho, na ndio watu wanaouruka.

Paka rangi kwenye meno matatu au manne ya krauni, pande zote mbili, kwa brashi. Mtu mmoja azuie krauni kwa kipande cha mbao au kitambaa kilichokazwa ili kuwe na mzigo, wewe uizungushe pinioni mbele na nyuma mara kadhaa. Bila mzigo, alama itatoka hafifu na itakudanganya.

Jino la krauni lina shina na kilele, na lina ncha ya ndani karibu na katikati ya krauni na ncha ya nje pembezoni. Angalia kwanza shina na kilele, na uangalie pande zote mbili za jino. Alama ikikaa juu karibu na kilele, pinioni iko mbali na krauni, kwa hiyo shimu iongezwe unene. Ikizama kwenye shina, pinioni imeingia sana, punguza shimu. Anza na mabadiliko makubwa kidogo, milimita 0.10 hivi, uone alama inakimbilia wapi, kisha yapunguze. Kwenye difu ambazo shimu hukaa mahali pengine, mwelekeo unaweza kuwa kinyume, kwa hiyo hakikisha kwanza shimu yako inasukuma pinioni wapi.

Kina kikishakuwa sawa, ndipo utazame urefu wa jino. Kuongeza pleyi husogeza alama kuelekea ncha ya nje, kuipunguza huisogeza kuelekea ncha ya ndani. Unatafuta alama iliyo katikati kati ya shina na kilele, isiyokatika kwenye ukingo wowote. Ikisogea kidogo upande wa ncha ya ndani hakuna neno, kwa kuwa mzigo wa kweli barabarani huisukuma kuelekea nje.

Usiilinganishe kwa pupa na picha yoyote utakayoiona. Kuna giya ambazo meno yake yana kimo kimoja kutoka ncha hadi ncha, na nyingine hupungua kuelekea ndani, na alama zake hazifanani. Alama isiyogusa ukingo ndiyo nzuri kwa zote mbili.

Ukifika hapa umejaribu shimu tano na alama haitulii, simama. Chukua vipimo vyako vilivyoandikwa, chukua difu, nenda kwa fundi. Umeshamrahisishia nusu ya kazi.

Kufunga kwa mwisho

Sasa beringi mpya ziingie kwenye presi pamoja na shimu uliyoithibitisha, kola mpya iwekwe, sili mpya ipakwe oili mdomoni. Kasha lenye krauni libaki nje kwa sasa. Kukaza nati ya pinioni hadi kola ianze kubonyea kunataka nguvu kubwa, mara nyingi zaidi ya Nm 300, na flenji lazima izuiwe kwa bomba refu. Kaza kidogo, zungusha pinioni, pima, kaza tena.

Kupima mkazo huo, zungushia uzi kwenye flenji na uuvute kwa mizani ya kuning'iniza, pinioni ikizunguka taratibu. Beringi mpya kwa kawaida hutaka kati ya Nm 1.5 na 3.5, za zamani karibu nusu yake. Flenji ya nusu kipenyo cha sentimita 5 ikivutwa kwa kilo 4 hivi, hiyo ni kama Nm 2. Ukipitiliza, usilegeze nati kurudi nyuma. Kola iliyobonyea hairudi, na beringi zitabaki zimelegea huku nati ikionekana imekaza. Toa, weka kola nyingine, anza upya. Nunua kola mbili tangu mwanzo.

Rudisha kasha, kaza vifuniko kwa toki, pima pleyi na mguso mara ya mwisho kabla ya kufunga. Giya za haipoidi, ambazo pinioni yake hukaa chini ya katikati ya krauni, huteleza sana jino juu ya jino, ndiyo maana zinataka oili ya daraja la GL-5. GL-4 haitoshi. Difu ya kuzuia gurudumu moja kuteleza inaweza kutaka dawa ya ziada ndani ya oili. Jaza hadi oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawa.

Ukimpa fundi

Muulize mambo mawili tu: pleyi aliiacha ngapi, na alama ya meno ilikaaje. Fundi wa difu hukupa namba bila kusita na hukuonyesha rangi ikiwa bado mbichi kwenye meno. Mwombe apige picha ya alama kabla ya kufunga. Anayekuambia anasikiliza kwa sikio tu, chukua giya zako uondoke. Uliza pia kama atabadilisha beringi zote. Giya mpya juu ya beringi za zamani ni kazi ya kurudia.

Kilomita za kwanza

Giya mpya hupata moto mwingi wakati nyuso za meno zinapozoeana. Endesha polepole dakika 15 hadi 20, kisha liache gari lipoe kabisa. Rudia hivyo mara kadhaa. Kwa kilomita 800 za kwanza usivute tela, usibebe mzigo mzito, wala usikimbize gari kwa muda mrefu. Zikitimia, mwaga oili ikiwa bado na moto na ufute kizibo kwa kitambaa cheupe. Unga laini kama wa penseli ni wa kutarajiwa. Ukiona vimemetameta vyenye kingo, usitie oili mpya kwanza: fungua, paka rangi, na usome meno tena.